Kalenda ya Ushindani Huru

Kulikuwa na nchi, na mpaka leo ipo. Usiniulize ni ipi, maana aliyezaliwa humo ameshaitambua, na ambaye hakuzaliwa humo ashukuru na kunyamaza. Ilikuwa nchi ya amani sana, amani iliyopitiliza, kiasi kwamba hata ushindani wa biashara ulikuwa na ratiba.

Ratiba hiyo iliitwa Kalenda ya Ushindani Huru. Ilitundikwa katika ofisi ya Kamishna wa Ushindani, Bwana Twalibu Ngwale, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, chini kidogo ya picha ya Rais na juu kidogo ya picha ya Kamishna mwenyewe akivishwa nishani kwa ajili ya kalenda hiyohiyo. Mgeni akifika ofisini, Kamishna humsimamisha mbele yake na kungoja asifu. Wageni wengi walisifu, kwa kuwa walikuwa na shida zao.

Na la kusifu lilikuwepo. Nchi ile ilikuwa na makampuni matatu ya gesi. Zamani, huko duniani, makampuni ya namna hiyo yalikuwa mengi, lakini yakawa yanaoana na kumezana, na kila mawili yalipoungana huko ng'ambo, Kamishna Ngwale aliyapelekea kanga doti moja na salamu za kuyatakia ndoa yenye heri. Yalipobaki matatu akaacha kutuma kanga. Yaliitwa Anga Kuu, Pumzi ya Dunia, na Hewa Bora. Kazi yao ni rahisi kuieleza na ngumu kuiamini. Waliivuta hewa ya nchi bure, wakaipoza mpaka ikawa maji, wakaichambua kama mchele, oksijeni huku, naitrojeni kule, kisha wakaijaza kwenye mitungi na kuwauzia wenye hewa yao. Hospitali zilinunua oksijeni, mafundi wa kuchomelea nao pia, na viwanda vya kripsi vilinunua naitrojeni ya kuvimbisha mifuko ili mnunuzi adhani ndani kuna viazi.

Mwanzoni makampuni hayo yalishindana kweli, na kilikuwa kipindi kibaya. Leo huyu anashusha bei, kesho yule anashusha zaidi, na wananchi wakaanza kuzoea vitu rahisi. Waziri wa Viwanda, Hewa na Mengineyo Yasiyoonekana alisimama bungeni akasema jambo hilo linahatarisha maadili. Hapo ndipo Kamishna Ngwale alipowaita mameneja watatu, akawanywesha chai, akawapangia zamu. Mwezi huu zabuni ya oksijeni ataishinda fulani, mwezi ujao fulani, mwezi wa tatu fulani, halafu wanarudi mwanzo. Asiye na zamu naye alitakiwa kuleta bei, maana bila bei tatu ushindani hauonekani. Ila alete bei kubwa ya kumpisha mwenzake, na bei hiyo ikaitwa bei ya adabu. Bi Konsolata, meneja wa Pumzi ya Dunia, aliwahi kuleta bei ya adabu iliyozidi bajeti ya jeshi, na ukumbi mzima ukampigia makofi kwa malezi mema.

Ni kweli kwamba Sheria ya Ushindani, aliyoiandika Kamishna huyohuyo, ilisema kuwa wafanyabiashara wakipangiana zamu ni jinai, na kifungo chake si cha mchezo. Lakini haikusema lolote kuhusu Kamishna akiwapangia. Bwana Ngwale alilala usingizi mzuri kwa miaka mingi juu ya tofauti hiyo.

*

Basi Kamishna alikuwa na binti mmoja, Mwamvua, na Mwamvua alikuwa mjamzito, na mimba ile ilikuwa na haraka kuliko kitu chochote kilichowahi kupita serikalini. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Alikuwa msichana, mdogo kiasi kwamba pete ya babu yake ingemfaa kuwa bangili. Akalazwa katika wodi ya watoto njiti ya Hospitali ya Taifa, mpira mwembamba puani, kwa sababu mapafu yake yalikuwa bado hayajafundishwa kazi.

Bi Mashavu, mke wa Kamishna, aliingia wodini akakuta mumewe ameshatangulia.

"Nimekuja kumwona mke mwenzangu," alimwambia muuguzi wa zamu, Sista Perpetua. "Nasikia kafika jana tu, na mume wangu nikimwita haitiki tena."

Hakutia chumvi. Kamishna alikuwa amesimama kando ya kisanduku cha kioo alimolazwa mtoto, kofia mkononi, akihesabu mbavu za mjukuu wake zikipanda na kushuka. Alikuwa amewahi kupenda nishani, na gari la ofisi, na mkewe kwa utaratibu wake, lakini kupenda hivi kulimtia hofu. Alitaka mtoto yule avute pumzi moja zaidi, na akishaivuta, alitaka nyingine.

"Shikamoo mzee," Sista Perpetua alisema. "Nina ombi, na kwa kuwa wewe ni mkubwa serikalini, sitazunguka. Uone ule mtungi pale pembeni. Ndio wa mwisho. Watoto wote tisa humu wanavuta hapo. Mshale wa geji ukigusa pale pekundu, na utagusa kesho mchana, mimi sina la kuwapa."

"Kwani hamkuagiza?"

"Tumeagiza. Mwezi huu zamu ni ya Hewa Bora, na mtambo wao umekufa. Kipuri kiko melini, wanasema kinakuja."

Akafungua pazia la dirisha. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ua wa Anga Kuu, na ndani ya ua mitungi ya oksijeni imesimama safu kwa safu, imejaa, imebanana hata paka alikuwa akitembea juu yake kutoka ukuta mmoja hadi wa pili bila kugusa ardhi.

"Na ile je?" Kamishna aliuliza.

"Ile haina zamu," Sista alijibu.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mwanamke anayeitwa Siwema, mama wa mapacha wawili walioungwa kwenye mtungi uleule. Alikuwa amesikia yote.

"Samahani, mzee wangu," alisema. "Huyo mtu aliyepanga hizo zamu anapatikana wapi? Nataka nikamwangukie miguuni."

Kamishna alikohoa. Akasema mambo ya serikali yana mlolongo mrefu, akavaa kofia yake, akatoka.

*

Alivuka barabara. Bwana Dilunga, meneja wa Anga Kuu, alimpokea kwa kahawa na heshima zote, na alipoelezwa shida machozi yalimlengalenga, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma.

"Mzee Ngwale, mjukuu wako ni mjukuu wangu," alisema. "Niombe gari, nitakupa. Niombe hata nyumba, tutazungumza. Lakini oksijeni mwezi huu, hapana. Mwenzangu Tindwa wa Hewa Bora atanionaje? Atasema Dilunga ni mlafi, kapeleka mkono upande wa mwenzake kwenye sinia."

"Basi niuzie mimi kama mtu binafsi. Mtungi mmoja. Nitaubeba mwenyewe begani."

"Sheria inasema oksijeni ya hospitali haiingii wodini ila kwa zabuni. Ni kifungu kizuri sana, mzee. Siku ulipotusomea tulisimama wote." Bwana Dilunga alifuta macho. "Nikikosa kabisa la kukufanyia, naweza kukupa bei ya adabu."

Akaiandika kwenye karatasi na kuisukuma mezani kwa mikono miwili. Kwa bei ile Kamishna angeweza kuinunua hospitali yenyewe, na barabara, na paka.

Akaenda kwa Bi Konsolata wa Pumzi ya Dunia. Naye alilia kidogo. Kisha akamwambia kwamba naitrojeni haina zamu mwezi huu, achukue kiasi apendacho.

"Mtoto havuti naitrojeni, mama," Kamishna alisema.

"Najua, ila nisingependa uondoke mikono mitupu."

Mwisho akaenda Hewa Bora. Bwana Tindwa alikuwa ameketi ofisini peke yake, mtambo umenyamaza nyuma yake, vumbi limeanza kutua juu ya simu.

"Zamu ninayo," alisema kwa unyonge. "Gesi ndiyo sina."

"Basi mwachie mwenzako zamu."

Bwana Tindwa alimtazama kama mtu aliyeambiwa auze shamba la urithi. "Wewe mwenyewe ulituambia, mzee. Zamu ya mtu ni heshima yake. Makao makuu ng'ambo wananipima kwa zamu, hawanipimi kwa gesi."

Maneno yale yalikuwa ya Kamishna mwenyewe, neno kwa neno, hata lile tuo la katikati.

*

Yalimfika shingoni, akaenda kwa Waziri. Mheshimiwa alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba ya kuzindua Wiki ya Ushindani, na hakuona sababu ya kubadili sauti.

"Ndugu Kamishna! Serikali imesikitishwa na habari za mjukuu wako, na itaendelea kusikitika kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu. Lakini je, tuvuruge amani ya soko kwa ajili ya pua moja?"

"Pua tisa, Mheshimiwa."

"Zikifika tisa hizo ni takwimu, na takwimu ni kazi ya kamati. Naunda sasa hivi Kamati ya Kitaifa ya Kupumua. Itatembelea nchi zilizoendelea, ione wenzetu wanapumuaje, na mwakani italeta taarifa ya awali. Mpaka hapo, mtoto avute subira."

Msaidizi wake alipiga makofi. Kamishna naye, kwa mazoea ya miaka mingi, alijikuta mikono yake inapiga makofi, na alipoiona inafanya hivyo akaitia mifukoni.

*

Alimkuta Bi Mashavu kwenye baraza la hospitali, amekaa juu ya mkeka na chupa ya chai. Akamweleza yote, kuanzia kahawa ya Dilunga mpaka kamati. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkewe kuelezwa kalenda ile inafanyaje kazi. Siku za nyuma aliambiwa tu kwamba ni mambo ya uchumi.

Sasa Bi Mashavu alikuwa kijumbe wa upatu wa mtaa wao, yaani ndiye aliyekusanya michango ya akina mama na kupanga nani apewe mwezi gani. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu Mwamvua hajaota meno. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika chupa ya chai.

"Baba Mwamvua," alisema, "hebu nieleweshe. Watu watatu, wanakula kwa zamu, mmoja akila wengine wanampisha. Huu si upatu?"

"Ni Mfumo wa Ushindani Huru wenye Mpangilio."

"Ni upatu. Mimi nimeulea, naujua hata ukivaa suti. Nani kijumbe wake?"

Kamishna alitazama vidole vyake.

"Wasiwasi wangu wa siku zote ulikuwa kwamba hujui kazi," mkewe alisema. "Kumbe unajua nusu. Kijumbe ana kazi mbili, mume wangu. Ya kwanza ni kupanga zamu, hiyo umeifanya mpaka ukapewa nishani. Ya pili ni kuzivunja. Mwenzenu akifiwa, au akijifungua vibaya, kijumbe anawaita watu, anasema jamani kuna shida, fulani ampishe fulani. Hakuna mwanamke aliyewahi kunikatalia. Waite."

"Nikiwaita kwa hilo, mbele za watu, nimekiri kwamba ni upatu. Na upatu wa zabuni ni jinai. Sheria ni yangu, Mama Mwamvua, kifungo nilikipanga mimi. Nilikifanya kirefu ili kipendeze."

Kupitia dirishani walimwona Sista Perpetua ameinama kwenye geji, akiigonga kwa kucha, kama mtu anayetumaini kuwa imekosea.

"Mficha uchi hazai," Bi Mashavu alisema. "Na mke mwenzangu yule siko tayari kumzika kwa ajili ya fremu ya dhahabu."

*

Kesho yake asubuhi mameneja watatu walikuja. Bi Mashavu aliwaalika kwa chai na vitumbua, na katika nchi ile mtu anaweza kudharau barua ya mahakama lakini si vitumbua vya mke wa mkubwa. Aliwaketisha mkekani, barazani pale, mbele ya wauguzi na akina mama waliotoka kupunga upepo, na Siwema miongoni mwao. Wakala. Kisha akamgeukia mumewe.

Kamishna Ngwale alisimama. Alikuwa na hotuba kwa kila tukio, za ufunguzi, za kufunga, za mvua ikinyesha na za mvua ikikataa. Hii hakuwa nayo.

"Jamani," alisema, "tumekuwa tukiuita ushindani. Ni upatu tu. Wachezaji ni nyinyi watatu, na kijumbe ni mimi." Akaonyesha mlango wa wodi. "Nina mtoto mle ndani, na wenzake wanane, na mshale unakaribia pekundu. Kama kijumbe, naomba zamu."

Hapo jambo la ajabu likatokea, ingawa labda si la ajabu kwa aliyekulia katika nchi ile. Watu watatu ambao sheria haikuwatingisha, wala huruma, wala mamia ya mitungi iliyojaa, waliinamisha vichwa kwa pamoja, kwa kuwa walikuwa na mama zao, na mama zao walikuwa na vijumbe.

"Si ungesema tu tangu jana, mzee," alisema Bwana Tindwa. "Mtu akiombwa zamu kwa uzazi, anakataaje? Dilunga, kula wewe mwezi huu."

"Nami nitakulipa mwezi wangu ukifika," Bwana Dilunga alisema.

"Na mimi bei ya adabu naifuta," alisema Bi Konsolata, akilia tena, safari hii akiwa na kitumbua mkononi.

Mitungi haikungoja lori. Madereva wa Anga Kuu, wauguzi na Kamishna mwenyewe waliinamisha mitungi kidogo na kuizungusha kwa matako yake, wakavuka nayo barabara, magari yakisimama na kupiga honi. Sista Perpetua alifunga mpira kwenye mtungi mpya mshale ukiwa umeshagusa pekundu. Mtoto akavuta moja. Babu yake, jasho likimchuruzika na suti imechafuka kutu, akasubiri. Mtoto akavuta nyingine.

Kamishna alilia kwa sauti, mbele ya kila mtu, na hakujali.

*

Ingekuwa hadithi ya serikali ingeishia hapo, na nishani ya pili. Lakini Siwema alikuja kumshukuru. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti, na alipoinuka hakuuachia.

"Na mwezi ujao, mzee wangu, ni zamu ya nani?"

"Ya Pumzi ya Dunia."

"Na mtambo wao ukifa?"

Kamishna alijaribu kuutoa mkono wake.

"Sisemi kwa ubaya," Siwema alisema. "Ila mimi mume wangu anauza mkaa. Hata nikipika vitumbua vya namna gani, meneja gani atakuja?"

Kamishna alikwenda moja kwa moja ofisini. Alipanda juu ya kiti, akaiteremsha kalenda na fremu yake, akaitoa ndani ya fremu, akaichana vipande vidogo. Katibu muhtasi wake alipoona hivyo alipiga simu wizarani, maana ndivyo alivyofundishwa kufanya ikitokea moto.

Athari zilionekana upesi. Mameneja waliamka asubuhi hawajui zamu ya nani. Bwana Tindwa, ambaye kipuri chake kilikuwa kimeshuka bandarini, aliwasha mtambo, akangoja aambiwe, hakuambiwa, akauza. Bwana Dilunga alipopita akaona mteja wake wa siku zote anapakia mitungi ya Hewa Bora, alihisi kitu kifuani ambacho hakuwa amekihisi tangu ujana, akashusha bei. Bi Konsolata alishusha zaidi, kisha akaomba radhi, kisha akashusha tena. Mafundi wa kuchomelea walifufua magari yaliyokwisha kuota majani. Malori matatu ya oksijeni yaligombana getini kwa Hospitali ya Taifa, kila moja likitaka kuingia la kwanza, na walinzi wakalazimika kuwaamua madereva.

Waziri alitangaza hali ya hatari. "Bei zinaanguka mchana kweupe," alisema redioni, "na wahusika wanajulikana."

Bwana Twalibu Ngwale alifikishwa mahakamani kwa kosa la kusababisha ushindani bila kibali. Kesi ilikuwa na ugumu wake, kwa kuwa upande wa mashtaka ulihitaji mtaalamu wa ushindani kutoa ushahidi, na nchi nzima mtaalamu alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa kizimbani. Hakimu, ambaye naye alikuwa na gari la kuchomelewa, alimvua nishani, akamfukuza kazi, na kumhukumu kukaa nyumbani bila kuzungumzia uchumi.

Waziri aliagiza kalenda mpya ichapwe mara moja, kubwa zaidi, yenye rangi. Zabuni ikatangazwa. Lakini wapiga chapa hawakuwa wamepangiwa zamu na mtu yeyote, kila mmoja akaleta bei ya chini kuliko mwenzake, kamati ikashindwa kuamua ni yupi mwenye adabu, na mpaka leo kalenda haijachapwa.

Nyumbani, Ngwale analea. Mchana humtoa mjukuu wake uani, amemlaza kifuani. Mtoto ameshanenepa, mpira puani hakuna tena, na akilala anakoroma. Bi Mashavu hupita na beseni la nguo, akawatazama.

"Mwambie mke mwenzangu apunguze kuvuta kwa pupa," husema. "Serikali isije ikasikia."

Mzee humfunika mtoto sikio kwa kiganja, asisikie neno hilo mapema. Na mtoto huendelea kuvuta, kwa nguvu, bila haya, bila kumpisha mtu, ile hewa ya uani ambayo zabuni yake bado haijatangazwa.